Siku Shangazi Aliporudisha Tangazo la Meya

Shangazi yangu akisema kesho hakuna maji, watu hawafungui bomba kuhakikisha. Wanabeba ndoo. Akisema kuna mtoto amepotea sokoni, kavaa kaptula ya bluu na kiatu cha mguu mmoja, hata wachuuzi waliokuwa wanashikana mashati wanaachana na kuinama kuangalia chini ya meza. Ndivyo alivyo. Mji mzima unamwita Mama Kipaza, kwa sababu ya vile vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya pikapu yetu kama masikio ya punda.

Mimi ni mtoto wa kaka yake, na ndiye ninayeiendesha hiyo pikapu. Kuna wanaume wakiona msichana kwenye usukani wanauliza gari nimeiba wapi. Nawaambia wakae nyuma yangu wale vumbi. Lakini habari hii siyo yangu. Ni ya shangazi, na mchezo aliochezewa na meya, ambao mpaka leo nikiukumbuka kichwa kinashika moto.

Alianza kwa kuuza ndoo za plastiki. Hakuwa na meza nzuri wala mtaji wa maana, alikuwa na koo. Akiita wateja wa ndoo, hata wanaotafuta viatu safu ya nyuma wanageuka. Wauza viatu wakaona, wakaanza kumpa chochote awaitie na wao. Mwenye duka la magodoro akamkodi asimame mlangoni. Hapo ndipo akajua kwamba ndoo zilikuwa zinampotezea muda. Akaolewa na dereva wa lori, wakanunua pikapu iliyokuwa inabeba kokoto, wakafunga vipaza sauti, basi wakawa wanazunguka mji, yeye maiki, mume usukani. Mume alipofariki akaajiri madereva. Wa kwanza alikuwa mlevi. Wa pili alikuwa anasinzia kwenye taa nyekundu. Wa tatu ni mimi, na ugonjwa wangu ni mdomo.

Kazi yake ina masharti, na ole wako uyaguse. Hanywi maji baridi. Maiki anaifunga leso ili pumzi isipige kelele. Kila kona tunasimama, nazima injini, anasema tangazo mara tatu. Nilipoanza kazi nilimuuliza kwa nini tatu, mbona watu siyo viziwi. Akaniambia mara ya kwanza ni ya kuwaamsha, ya pili ni ya kuwaambia, ya tatu ni ya kuwanyima sababu.

Na sharti kubwa kuliko yote: hatangazi kitu ambacho hajakiona. Ukimletea msiba, anataka kwanza afike kwenye nyumba yenye msiba. Kuna mzee alikuja amepotelewa na mbuzi, shangazi akamwambia amwonyeshe kamba. Yule mzee alikasirika sana, lakini alikwenda akaileta kamba.

Kazi za watu binafsi ni za kubahatisha. Kazi iliyoezeka nyumba yetu ni ya ofisi ya jiji. Maji yakikatwa, chanjo zikija, mkutano ukiitishwa, tunaitwa sisi. Anayetuita ni afisa wa habari wa meya, kijana mtanashati ambaye mimi nilimpa jina la Bwana Kiatu, kwa sababu akiongea na wewe hakuangalii, anaangalia viatu vyake. Siku moja akatuita ofisini, akatupa soda, akampa shangazi karatasi yenye muhuri. Ilisema bajeti ya usalama imeongezwa, njia ya chini ya daraja sasa ina taa na mlinzi, wizi mjini umepungua kwa nusu, wananchi wapite kwa amani.

Hiyo njia ya chini ya daraja lazima uielewe. Ndiyo njia ya mkato kati ya mtaa wetu na upande wa viwanda na karakana. Ukiipita unafika nyumbani miguu haijachoka. Ukizunguka kwa barabara kubwa unafika soli imelika. Lakini jua likishuka hakuna mwenye akili anayeipita, maana kule chini watu walikuwa wanavuliwa mpaka mikanda. Sasa habari ya kuwa ina taa na mlinzi haikuwa habari ndogo.

Shangazi aliisoma ile karatasi, akasema anataka kwanza akaone. Bwana Kiatu akaviangalia viatu vyake, akasema hakuna neno mama, hata sasa hivi mnaweza kwenda.

Tukaenda. Tukakuta nguzo mpya zimesimama mstari mzima, zinang'aa, vichwa vimeinama kama mabomba ya kuogea. Chini ya nguzo ya kwanza alikaa mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, kavaa koti la ulinzi na kofia, akatusalimia vizuri. Shangazi akampa mkono. Akazihesabu nguzo kwa macho, akaridhika.

Umeshaona tatizo liko wapi? Sisi hatukuliona. Tulikwenda kuangalia taa saa sita mchana, jua la utosi. Kazi yetu sisi ni ya mchana, jioni koo lake linataka kupumzika na gari linataka kupoa. Tukaangalia nguzo tukasema tumeona taa. Watu wazima wawili, wenye macho manne.

Shangazi akatangaza. Kona zote, mara tatu tatu. Na mimi nakwambia alitangaza kwa furaha, maana nusu ya majirani zetu wanafanya kazi upande ule.

Mlango wa pili kutoka kwetu anaishi fundi cherehani. Ni mama mpole, anashona sare za shule, ana watoto watatu na cherehani moja, na vyote vinne vinautegemea mkono wake wa kulia. Jioni moja alitoka kupeleka sare upande wa pili, akarudi kwa njia ya chini ya daraja. Taa hazikuwaka. Akadhani labda zinachelewa kidogo, akaendelea kutembea. Alipofika katikati wakamtokea vijana wawili. Mfuko aliuachia mara moja, lakini walimsukuma hivyo hivyo, akaangukia mkono.

Asubuhi tulimkuta kakaa kitandani, plasta kutoka kiganja mpaka karibu na kiwiko, cherehani imefunikwa shuka kama maiti. Mimi nilianza kumtukana meya pale pale mlangoni. Shangazi akaniambia nikae chini ninyamaze. Akamuuliza yule mama kwa upole kwa nini hakuzunguka, kwani si alikuwa anaiogopa ile njia miaka yote. Yule mama akamtazama kama vile swali halikuwa na maana.

"Nilikusikia wewe, dada," akasema. "Angesema meya ningezunguka. Lakini ulisema wewe."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya. Shangazi alikaa pale kitandani, mkono uko kwenye goti la mwenzake.

Tulipotoka akaniambia kwanza twende kuripoti. Tukampakia fundi mbele, mimi usukani, shangazi akapanda nyuma na spea tairi. Sokoni kuna kituo kidogo cha polisi, chumba kimoja na kaunta, ndicho tunachokijua wote. Ukiibiwa unakwenda pale, unaandikisha, unapewa pole. Mwizi hakamatwi, lakini angalau unapewa pole.

Tukakuta mlango una kufuli. Dirisha limepakwa rangi nyeupe kwa ndani. Nikachungulia kwenye pembe iliyobanduka, na nilichokiona nilifikiri macho yangu yana wazimu. Viti. Viti vya plastiki vyeupe, vimepangwa mpaka darini, kila kimoja kimebandikwa picha ya meya mgongoni anatabasamu. Kaunta ilikuwa imebebeshwa viti. Ile benchi ya kukalia walioibiwa nayo ilikuwa imebebeshwa viti.

Akatokea mzee mwenye funguo kiunoni, akauliza tunakodi vingapi. Mimi na shangazi tukatazamana. Alikuwa ni yule yule mlinzi wa chini ya daraja.

Shangazi akamsalimia kwa heshima, shikamoo baba, akamuuliza mbona hayuko lindoni. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema yeye siyo mlinzi, yeye ni mtunza viti vya mikutano ya mheshimiwa. Siku ile alipewa koti akaambiwa akakae chini ya nguzo mpaka wapiga picha waondoke. Na sisi tulifika wapiga picha wakiwa wamekwenda kunywa chai. Koti alirudisha siku hiyo hiyo, tena lilikuwa linambana. Kituo je? Kituo kilifungwa zamani kidogo, kimyakimya, polisi wakahamishwa, chumba vikapewa viti, kwa kuwa vilikuwa vinanyeshewa.

Yaani alikuwa anaeleza kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta. Hana wasiwasi wowote. Damu ilinipanda, nikamuuliza haoni haya, mzee mzima na mvi zake, mama wa watu amevunjwa mkono. Akamwangalia fundi, akaiangalia plasta, uso ukamshuka. Akafungua kufuli, akatoa kiti kimoja, akamwekea fundi kivulini akae.

Kutoka hapo tukaenda kituo kikubwa, mwisho wa mji. Askari wa kaunta alikuwa mstaarabu, akasema eneo letu lina kituo chake sokoni, tukaandikishe huko. Nikamwambia kimefungwa kina viti. Akasema yeye hajaletewa barua ya kufungwa. Nikamwambia basi twende akaone. Akasema hawezi kuacha kaunta. Shangazi akanivuta mkono tukatoka, maana mimi nilishaanza kuizunguka ile kaunta.

Njiani ndipo jambo lilipotuingia kichwani, na sijui nani alianza kusema. Wizi umepungua kwa nusu. Ndiyo, utaachaje kupungua? Waliofunga mlango wa kulalamikia ndio wanaohesabu malalamiko. Mkono wa fundi wetu haumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kwa karatasi ya meya, mkono ule ni mzima.

Tukapita chini ya daraja kumalizia. Kila nguzo ina kidirisha chini pale miguuni. Nikakifungua cha kwanza kwa bisibisi ya gari. Ndani hakuna waya. Cha pili hakuna. Cha tatu nilikuta nyigu wamejenga, nikakimbia. Shangazi hakucheka.

Mimi nilidhani kuna makosa. Nakuapia, pamoja na ukorofi wangu wote, bado nilidhani ni makosa ya watu wa chini: fundi umeme kala waya, karani kakosea, meya mwenyewe hajui. Shangazi naye alidhani hivyo. Na wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa wananchi kuhusu bajeti, ukumbi wa jiji, na vipaza sauti vya mkutano ni vyetu, tumekodiwa. Akasema atamuuliza uso kwa uso, kistaarabu, atamsaidia ajue.

Siku ya mkutano viti vyeupe vilikuwa vimepangwa ukumbini, vile vile, watu wamekaa wameegemea picha za meya. Meya akaongea. Ni mtu anayependeza, tusidanganyane. Ana sauti laini, anajua kutania, anajua kuweka mkono kifuani. Akasema usalama ndio mtoto wake wa kwanza. Ulipofika wakati wa maswali, shangazi ndiye mwenye kazi ya kupeleka maiki kwa anayenyoosha mkono. Akaanza kwa kujipelekea mwenyewe.

Akamwambia kwa heshima zote kwamba yeye ndiye aliyetangaza kuwa njia ya chini ya daraja ina taa, jirani yake akamsikia, akapita, akavunjwa mkono. Akauliza taa zitawaka lini, kwa sababu nguzo zipo lakini waya haumo.

Nilikuwa nimekaa karibu na amplifaya, namwangalia meya usoni. Nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Hakumwangalia hata Bwana Kiatu kumuuliza kulikoni. Akaweka mkono kifuani, akampa pole mgonjwa, halafu akatabasamu.

"Mama yangu," akasema, "bajeti ni nia. Mwaka huu tulikuwa na nia ya nguzo. Mwaka ujao tutakuwa na nia ya waya. Hata nyumba yako hukuijenga kwa siku moja."

Watu wakacheka. Shangazi akangoja wamalize. Akauliza na wizi uliopungua umepimwaje, wakati kituo cha sokoni kimefungwa na wanaoibiwa hawana pa kusemea. Hapo nikajua sasa kabanwa, hana pa kutokea.

"Kituo tulikifunga kwa sababu malalamiko yalipungua," meya akasema.

"Yalipungua baada ya kufungwa, mheshimiwa."

"Ndiyo hivyo. Sasa kama yamepungua, tulipe askari wakae bure? Hiyo siyo kuchezea pesa zenu?"

Wakapiga makofi. Ukumbi mzima. Kuna baba mmoja mbele yangu, namfahamu, aliibiwa baiskeli mbele ya macho yake, alikuwa anapiga makofi mpaka kiti kinatikisika. Mimi nilibaki mdomo wazi kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Siyo kwamba alidanganya, waongo nimewaona wengi, nimekulia nao. Ni kwamba alisema kila kitu hadharani, kwa maiki yetu, na hakuna kilichotokea. Alikiri hana waya. Alikiri kafunga kituo. Na akapigiwa makofi. Nilikuwa najua mtu akikamatwa anaona aibu, hiyo ndiyo sheria ya mtaani kwetu. Kumbe kuna watu wakishapanda ngazi fulani aibu haiwafikii.

Halafu akamvika shangazi kilemba cha ukoka. Akasema huyu mama ni sauti ya mji, bila yeye wananchi wangejuaje mazuri yanayofanyika, apigiwe makofi. Akapigiwa. Shangazi alisimama katikati ya ukumbi na maiki mkononi, kila mtu anamchekea, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi.

Tulipokuwa tunafungua nyaya Bwana Kiatu akaja na karatasi nyingine. Kesho tuzunguke tutangaze bajeti imepita, usalama umeimarishwa zaidi, wananchi wanapongezwa. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mkataba wetu unaangaliwa upya mwezi huo, na maswali kama yale ya leo hayasaidii. Alikuwa anaangalia viatu. Mimi nilimwambia aviulize viatu vyake vimtangazie. Shangazi akaipokea karatasi, akashukuru.

Tukafika kwetu. Nikazima injini, nikaona hateremki. Nikamwambia shangazi kesho mimi sizunguki na huo uongo, bora nikauze ndoo. Akasema tutazunguka.

"Tutarudisha tangazo," akasema.

Kurudisha tangazo siyo kitu kigeni kwetu. Mtoto aliyepotea akipatikana, huwezi kwenda zako kulala. Lazima urudi kona zile zile ulizosimama, zote, useme mtoto kapatikana, ili watu waache kuangalia chini ya meza. Hata kama mzazi hakulipii safari ya pili. Tangazo lisilorudishwa, anasema shangazi, linabaki hewani linasumbua watu. Mbuzi amewahi kurudishwa. Maiti ambaye hakuwa amekufa naye aliwahi kurudishwa. Lakini la meya?

Ajabu ni kwamba aliyeogopa ni mimi. Mimi mwenye mdomo. Nilitaka matusi, nilitaka nimrushie mtu kitu, hilo lingekuwa rahisi. Nikamkumbusha nani katuezekea nyumba. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akaniambia hayazoleki, lakini mtoto mwenye adabu analeta kitambaa anapangusa, asije mwingine akateleza. Akateremka akaenda kulala.

Asubuhi alikunywa maji yake ya uvuguvugu, akaifunga maiki leso, tukaenda kona ya kwanza. Nikazima injini.

"Wananchi, mimi ni Mama Kipaza," akasema. "Niliwatangazia kuwa njia ya chini ya daraja ina taa na mlinzi. Tangazo hilo nalirudisha. Nguzo zipo, waya haumo. Mlinzi hayupo. Nilitangaza wizi umepungua kwa nusu. Hilo nalo nalirudisha. Kituo cha sokoni kimefungwa, ndani kuna viti, wanaoibiwa hawahesabiwi. Jioni zungukeni kwa barabara kubwa."

Mara tatu. Hakumtaja meya, hakumtukana mtu. Alitumia sauti ile ile ya kukatika kwa maji.

Nilitegemea watu watashangilia, kama kwenye hadithi. Mwuza matunda alisimama na kisu kwenye nanasi. Kona ya pili wakaanza minong'ono, na kijana mmoja wa duka la simu akapaza sauti.

"Mama, la kwanza ulilipwa na meya. La leo kakulipa nani?"

Watu wakacheka, na kile kicheko kiliniuma kuliko makofi ya ukumbini, kwa kuwa hawa ni wetu. Miaka yote hiyo, mbuzi wote hao, na bado wanauliza kalipwa na nani. Nikafungua mlango nimfuate. Shangazi akanibana bega nikarudi kukaa. Akasogeza maiki.

"Hakuna aliyenilipa, mwanangu," akasema. "Naogopa usivunjwe mkono."

Yule kijana akaingia dukani kwake.

Kona ya tatu hatukumaliza. Na hapa ndipo nilipochoka kabisa. Mji huu hauna mlinzi wa daraja, hauna askari wa kituo cha sokoni, lakini mgambo wa jiji wa kumzuia shangazi yangu walitokea wakiwa wamejaa gari zima, koti jipya kila mmoja, buti zinang'aa. Mbona wapo? Walikuwa wapi? Nikawauliza hivyo hivyo, kwa lugha ambayo siwezi kuiandika. Wakasema hatuna kibali cha kupiga kelele. Nikatoa kibali. Wakasema hicho ni cha matangazo ya ofisi. Wakapanda juu ya pikapu, wakafungua vipaza sauti vyote viwili kwa spana, wakachukua amplifaya, na mmoja akanyoosha mkono apewe maiki. Shangazi akaifungua leso yake kwanza, akaikunja, akaitia mfukoni, ndipo akampa.

Miaka aliyoihangaikia ile mali mimi sijazaliwa. Nilitegemea atalia. Aliniuliza tumebakiwa na kona ngapi.

Kwenye kona zilizobaki alisimama nyuma ya pikapu akasema kwa mdomo mtupu, kama alivyokuwa anauza ndoo. Lakini ni mtu mzima sasa. Kabla hatujafika nusu sauti ikaanza kukwaruza, kisha ikawa hewa tu. Mimi nikaanza kusema kwa niaba yake, yeye ananishika mkono nikienda haraka, ananishika mkono nikitaka kuongeza tusi.

Jioni akaniambia nimpeleke kwenye njia panda ya upande wa viwanda, pale unapochagua, kushuka chini ya daraja au kuzunguka. Nikaegesha. Fundi cherehani alikuwa ameshafika kabla yetu, kakaa kwenye jiwe na plasta yake mapajani. Sikujua nani kamwambia. Viwanda vikafungwa, watu wakaanza kuja makundi makundi, na shangazi sauti hana. Alikuwa amesimama tu, anajionyesha.

Nilikuwa na hofu kuliko asubuhi. Asubuhi wangeweza kutuchekea, basi. Jioni hii kila mguu ulikuwa unajibu kama neno la shangazi bado ni neno au limekwisha.

Wa kwanza walipita wakashuka chini ya daraja, hata hawakutuangalia. Wakaja wanawake wa kiwanda cha sabuni. Wakasimama. Wakamwona shangazi, wakamwona fundi na ile plasta, wakateta kidogo, wakashika barabara kubwa huku wanalalamika miguu. Nyuma yao wakaja wengine, wakauliza kuna nini, wakajibiwa Mama Kipaza kasema. Wengine wakazunguka. Wengine wakasema hawana muda, wakashuka. Haikuwa mji mzima, siwezi kukudanganya. Lakini walikuwa wengi.

Giza lilipoanza kushika, taa za barabara kubwa zikawaka. Chini ya daraja nguzo zikageuka kuwa miti myeusi. Hapo ndipo akatokea Bwana Kiatu kutoka upande wa ofisi, kwa miguu, mkoba begani. Naye anaishi upande wetu, sikuwa najua. Alitembea haraka mpaka njia panda, akatukuta tumesimama.

Hakuangalia viatu safari hii. Aliangalia kule chini ya daraja, kwenye zile nguzo alizoziandikia karatasi yeye mwenyewe. Akaangalia barabara kubwa. Akamwangalia shangazi. Kisha bila salamu akageuka, akashika barabara kubwa nyuma ya wanawake wa kiwanda cha sabuni, anakazana asiachwe.

Nilivuta pumzi nimtolee yote niliyoyaweka tangu ukumbini. Shangazi akanishika mkono, kwa nguvu, mpaka nikageuka kumtazama. Ilibidi niinamishe sikio mdomoni kwake ndio nimsikie.

"Mwache," akasema, "naye ana mama yake anamngoja. Wewe mwite yule anayeshuka kule, wa shati jeupe. Mwite haraka."